Henri, Milihenri na Debe la Newala: Historia ya Vizio vya Induktansi na Funzo Lake kwa Wafasiri

Wafasiri wa maandishi ya umeme, walimu wa fizikia na makarani wa idara za maji na nishati hukutana mara kwa mara na kizio kinachoitwa henri. Hukutana nacho katika vitabu vya mafundisho, katika vibandiko vya mashine, na katika taarifa za wahandisi zinazoletwa mezani ili zifasiriwe. Mara nyingi hakiji peke yake, bali huja kimetanguliwa na mili, mikro au nano. Hapo ndipo makosa huzaliwa, kwa kuwa kiambishi kimoja kikikosewa, hesabu huongezeka au hupungua mara elfu, na huku sentensi ya Kiswahili hubaki fasaha kama kwamba hakuna lililoharibika.

Makala haya yanakusudia kueleza kizio hicho kilitoka wapi, hugeuzwa namna gani, na kwa nini tunaona kwamba jina la kizio ni mapatano yanayostahili kulindwa kuliko istilahi nyingine yoyote. Mifano yetu mingi tumeichukua Newala, katika Nyanda za Juu za Makonde, kwa sababu mbili. Kwanza, wenyeji wa huko wameona vipimo vikibadilishwa zaidi ya mara moja katika muda wa vizazi vichache. Pili, maji ya bomba wanayotumia hupandishwa mlimani kwa pampu, na kazi ya mota ya umeme haiwezi kuelezwa bila ya kuitaja induktansi.

Majina yabaki, thamani zahama

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu, ukilitazama bonde la mto Ruvuma. Ardhi ya uwanda huo ni ya kichanga. Mvua ikinyesha hunywewa upesi, na mito ya kudumu juu hakuna. Tangu zamani maji yalifuatwa mabondeni na kupandishwa kwa kichwa. Biashara iliyouunganisha uwanda huo na bandari za Lindi na Mikindani ilileta pamoja na bidhaa zake vipimo vya pwani: kibaba na pishi kwa nafaka, frasila kwa mizigo mizito, mkono na shibiri kwa nguo. Pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Frasila moja ilikuwa na uzito wa ratili 35 hivi, yaani karibu kilogramu 16 kwa hesabu ya leo.

Utawala wa Kijerumani ulipoingia, ulikuja na vipimo vya metriki, ambavyo Ujerumani yenyewe ilikuwa ikivitumia kisheria tangu mwaka 1872. Mwaka 1904 fedha pia ziliwekwa katika mpango wa kumi-kumi: rupia, iliyokuwa na pesa 64, sasa ikagawanywa katika heller 100. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza waliochukua nchi walileta ratili, galoni, wari na maili. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilivikuta vipimo hivyo vya Kiingereza vikitumika, na katika miaka iliyofuata ikavirudia vipimo vya metriki. Hivyo mtu aliyezaliwa Newala mwaka 1900 na kuishi miaka themanini angeweza kupimiwa mazao yake kwa pishi utotoni, akayasikia ya kilo na mita bado kijana, akapimiwa kwa ratili utu uzima wake, na uzeeni akapimiwa tena kwa kilo.

Katika mabadiliko hayo, jambo linalotuhusu sisi wa istilahi ni hili: mara nyingi jina lilibaki na thamani yake ikahama. Heller ya Wajerumani ilikufa kama sarafu, lakini jina lake, lililokwisha kuwa hela, liliendelea kuishi, na leo hela ni fedha yoyote. Debe nalo lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na ziada kidogo. Likawa kipimo cha maji, cha mahindi na cha korosho. Siku hizi mtu akitaja debe la maji, mara nyingi huwa na maana ya chombo cha plastiki cha lita 20. Jina ni lile lile. Kati yake na kopo la kale pana tofauti ya karibu lita mbili.

Tofauti hiyo haileti ugomvi mkubwa kisimani, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote wawili wanakiona chombo. Macho hurekebisha kile ambacho neno limekiacha wazi. Lakini kuna vipimo ambavyo jicho haliwezi kuvirekebisha, na induktansi ni kimojawapo. Hapo hakuna chombo cha kuonyeshana. Pana tarakimu na jina la kizio tu, na jina likilegea, hakuna kinachobaki cha kutegemea.

Induktansi ni kitu gani

Mkondo wa umeme unapopita katika waya huzungukwa na uga wa sumaku. Waya ukisokotwa kuwa koili, uga huo hupata nguvu zaidi. Mkondo ukibadilika, uga nao hubadilika, na badiliko hilo huzaa volti katika koili yenyewe, volti inayopinga badiliko lililoizaa. Tabia hiyo ya koili, ya kupinga mkondo wake usiongezeke wala kupungua kwa ghafla, ndiyo inayoitwa induktansi. Katika makala haya tunalitumia neno hilo lililoswahilishwa kwa kuwa linaeleweka kwa wataalamu wa nchi nyingi na halina maana nyingine ya kuligonganisha.

Mwalimu anayetaka mfano wa darasani anaweza kuutumia wa baiskeli iliyopakiwa madumu ya maji. Baiskeli hiyo ni ngumu kuianzisha, na ikiisha kushika mwendo ni ngumu kuisimamisha. Induktansi kwa mkondo wa umeme ni kama uzito huo wa baiskeli kwa mwendo wake: haizuii mwendo wenyewe, huzuia mabadiliko ya mwendo.

Henri moja ni induktansi ya koili ambayo, mkondo wake ukibadilika kwa ampea moja katika kila sekunde, huzaliwa ndani yake volti moja. Hiki ni kizio kikubwa kwa matumizi mengi. Koili za redio hupimwa kwa mikrohenri. Njia ndefu za umeme hupimwa kwa milihenri. Vifaa vidogo sana vya elektroniki hupimwa kwa nanohenri.

Kutoka sentimita hadi henri

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha huko London kwamba badiliko la uga wa sumaku huzaa umeme. Katika miaka hiyo hiyo Joseph Henry, mwalimu katika mji wa Albany nchini Marekani, aligundua kwamba koili huzaa umeme ndani yake yenyewe mkondo wake unapokatwa, na mwaka 1832 akalitangaza jambo hilo kwa maandishi. Hakuna kati yao aliyekuwa na kizio cha kukipimia kitu alichokiona. Kwa muda mrefu kila maabara ilipima umeme kwa vipimo vyake, mfano wa kila kijiji kuwa na pishi yake.

Kazi ya kupatanisha vipimo ilianzwa na jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza katika miaka ya 1860. Wao walijenga mfumo uliosimama juu ya vizio vitatu tu: sentimita, gramu na sekunde. Katika tawi la mfumo huo lililotokana na nguvu za sumaku, hesabu ilitoa jambo ambalo hata leo humshangaza mwanafunzi: induktansi ilitokea kuwa na kizio cha urefu. Induktansi ya koili ikawa ni sentimita kadha. Haikuwa na maana ya urefu wa waya. Ni namna tu ambavyo mfumo ule ulivyopanga hesabu zake.

Sentimita moja ya induktansi ni ndogo mno kwa kazi za fundi. Kongamano la kimataifa la umeme lililokutana Paris mwaka 1881 lilikubali omu, volti, ampea, kulombu na faradi, lakini induktansi halikuipa jina. Wahandisi wa Kiingereza walitumia jina lililounganisha sekunde na omu, yaani sekomu. Mwaka 1889 kongamano jingine la Paris likaleta jina la kwadranti, maana yake robo ya duara. Sababu yake ilikuwa kwamba kizio kilichohitajika kilikuwa sawa na sentimita 1,000,000,000, na mita iliwekwa hapo mwanzo ili urefu kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta uwe mita 10,000,000, yaani sentimita 1,000,000,000. Kwa hiyo kizio kimoja cha induktansi kilipewa jina la robo ya mzingo wa dunia.

Kwa muda basi kitu kimoja kilikuwa na majina matatu: kwadranti, sekomu, na sentimita bilioni moja. Mwaka 1893 kongamano la kimataifa lililofanyika Chicago likayaondoa yote na kuweka jina moja, henri, kwa heshima ya Joseph Henry aliyekuwa amefariki mwaka 1878. Thamani haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni jina, na faida yake ilikuwa kubwa, kwa sababu jina jipya halikudanganya. Halikumfanya mtu afikirie urefu wala dunia. Halikuwa na maana nyingine yoyote ila ile iliyopatanwa.

Hata hivyo henri nayo ilipata msukosuko wa debe. Mwaka 1908 mkutano wa London uliweka namna za kuvitengeneza vizio vya umeme maabarani, kama vile kuipima omu kwa safu ya zebaki. Baadaye ikaonekana kwamba vizio vilivyotengenezwa hivyo vimeachana kidogo na vile vilivyokusudiwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 1948 thamani zilirekebishwa. Henri moja ya kabla ya siku hiyo ni sawa na henri 1.00049 za sasa. Tofauti hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu, lakini tazama tofauti ya mwenendo: debe lilihama kutoka lita 18 hadi 20 bila ya mtu kutangaza, henri ilisogea sehemu tano za elfu kumi na dunia nzima ikajulishwa siku na kiasi. Mwaka 1960 henri iliingizwa katika Mfumo wa Kimataifa wa Vizio, na humo ndimo ilimo hadi leo.

Namna ya kugeuza vizio

Viambishi vinavyotumika pamoja na henri ni vile vile vinavyotumika na vizio vingine vya metriki. Mili ni ya mwaka 1795, wakati Wafaransa walipoanzisha vipimo hivyo; mikro, nano na piko zilithibitishwa kwa Mfumo wa Kimataifa mwaka 1960. Uhusiano wake ni huu:

Henri 1 (H) = milihenri 1,000 (mH)
Milihenri 1 (mH) = mikrohenri 1,000 (µH)
Mikrohenri 1 (µH) = nanohenri 1,000 (nH)
Nanohenri 1 (nH) = pikohenri 1,000 (pH)

Kanuni ya kugeuza ni moja. Kizio kikipungua, tarakimu huongezeka. Kizio kikikua, tarakimu hupungua. Anayevunja shilingi moja kuwa senti hupata senti mia, wala mali yake haikuongezeka. Hivyo henri 0.07 ni milihenri 70, na ni mikrohenri 70,000. Mikrohenri 4.7 ni nanohenri 4,700, na ni milihenri 0.0047. Kwa kila ngazi moja nukta ya desimali husogea mahali patatu.

Anayesoma vitabu vya zamani atahitaji ngazi nyingine. Ile sentimita ya induktansi, iliyoitwa pia abhenri, ni sawa na nanohenri moja. Katika tawi la pili la mfumo wa kale, lililotokana na nguvu za umeme tuli, kizio kilikuwa stathenri, na hicho ni kikubwa mno: karibu henri bilioni 899. Majina hayo mawili yanafanana kwa sauti, lakini mfasiri atakayeyachanganya atakosea kwa kiasi kisichoweza hata kufikirika.

Vitabu vya redio vya Kijerumani vya miaka ya 1920 na 1930 viliandika induktansi kwa sentimita. Koili ya mikrohenri 200 iliandikwa kuwa ya sentimita 200,000. Mfasiri asiyeijua historia hii ataona kwamba sentimita 200,000 ni kilomita mbili, naye kwa nia njema kabisa ataandika kwamba koili yahitaji waya wa kilomita mbili. Zaidi ya hayo, vitabu hivyo hivyo vilipima kapasita pia kwa sentimita, na sentimita ya kapasita ni ya lile tawi la pili: ni sawa na pikofaradi 1.11 hivi. Katika ukurasa mmoja neno sentimita laweza kuwa na maana tatu, na ni mfasiri peke yake atakayemwokoa msomaji.

Njia ya umeme ya Newala

Sasa tuone kosa la kiambishi hugharimu nini. Tangu miaka ya 1950 Nyanda za Makonde zimekuwa na mradi wa maji wa kuyapandisha kutoka mabondeni. Kuanzia miaka ya 1970 Serikali ya Finland ilisaidia kwa miaka mingi kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Chanzo kikubwa cha maji ya uwanda huo kiko Mitema, upande wa Kitangari, na maji hayo lazima yapande mamia ya mita kabla ya kumfikia mtumiaji. Panapotumika pampu ya umeme, mota yake huhitaji volti kamili ili ianze kuzunguka, na wakati wa kuanza huvuta mkondo mkubwa mara kadha kuliko ule wa kawaida.

Waya wa juu ya nguzo nao una induktansi, ijapokuwa haukusokotwa. Kwa njia za kawaida za usafirishaji, induktansi hiyo ni karibu milihenri moja kwa kila kilomita. Tuchukue njia yenye urefu wa kilomita 70, ambao ni takriban umbali wa barabara kati ya Newala na Masasi. Induktansi yake ni milihenri 70, yaani henri 0.07. Umeme wetu hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa umeme wa namna hiyo kila henri moja huleta kizuizi cha omu 314. Henri 0.07 huleta basi kizuizi cha omu 22. Mkondo wa ampea 20 ukipita, kizuizi hicho huchukua volti 440, mbali na volti zinazopotea kwa ukinzani wa waya. Mota kubwa zinapoanza kwa pamoja, upungufu huo huongezeka mara kadha.

Tuseme sasa kwamba katika tafsiri ya taarifa mH imeandikwa mikrohenri. Induktansi ya njia nzima itasomwa kuwa mikrohenri 70. Kizuizi kitakuwa omu 0.022, na volti zinazochukuliwa hazitafika hata nusu ya volti moja. Msomaji wa tafsiri hiyo, awe fundi au ofisa wa mipango, ataamini kwamba urefu wa njia hauna madhara yoyote. Mota zitakaposhindwa kuanza atatafuta ubovu kwenye pampu, na watu wa uwanda watarudi kuyafuata maji mabondeni.

Katika redio kosa hilo hilo hufanya kazi kwa njia nyingine. Koili ya mikrohenri 200 pamoja na kapasita ya pikofaradi 365 hupokea masafa ya karibu kilohezi 590, ambayo yamo katika mawimbi ya kati. Koili hiyo ikiandikwa milihenri 200, masafa huteremka hadi karibu kilohezi 19, mahali ambapo hakuna kituo cha matangazo. Hapa kosa la mara elfu limeshusha masafa kiasi cha mara 32 tu, kwa sababu masafa hufuata kipeuo cha pili cha induktansi kwa kinyume. Mwalimu na aliangalie jambo hilo: ukubwa wa dosari katika jibu haulingani daima na ukubwa wa kosa katika kizio, na hivyo kosa laweza kujificha.

Hatari za mwandiko wa Kiswahili

Hatari nyingine hazitoki katika fizikia. Zatoka katika mazoea yetu ya kuandika.

Ya kwanza ni herufi kubwa na ndogo. Alama ya milihenri ni mH, m ndogo na H kubwa. Ikiandikwa MH itakuwa megahenri, yaani imezidishwa mara bilioni moja. Ikiandikwa Mh, kila karani wa Kiswahili ataisoma Mheshimiwa. Tumezoea mno ufupisho huo maofisini, na mkono wa mpiga chapa huufuata bila ya kufikiri. H ni kubwa kwa sababu imetokana na jina la mtu. Lakini kizio kikiandikwa kwa kirefu, henri huanza kwa herufi ndogo, na jina la Joseph Henry mwenyewe hubaki katika tahajia yake.

Ya pili ni alama ya µ. Mashine nyingi za chapa hazikuwa nayo, na waandishi walizoea kuiandika kwa kalamu au kuweka u mahali pake. Kuweka u ni kosa dogo, kwani msomaji huelewa. Kuweka m ni kosa kubwa, kwani msomaji huelewa vingine. Ikikosekana µ, yafaa kuandika mikrohenri kwa kirefu.

Ya tatu ni jina la kiambishi chenyewe. Wengine huandika mikro, wengine maikro. Sisi twaelekea upande wa mikro. Mili, nano na piko zimeingia katika Kiswahili kwa kufuata herufi zake. Maikro peke yake imefuata matamshi ya Kiingereza. Tukiifuata kanuni hiyo ya pili kwa kiambishi kimoja, tutaulizwa kwa nini tusiifuate kwa vingine. Tena Kiswahili kina maili, ambayo imepishana na mili kwa irabu moja tu, na haifai kuzoeza masikio yetu kwamba i na ai ni mamoja katika majina ya vipimo.

Ya nne ni neno kilo. Katika ghala la korosho la Newala kilo ni uzito, basi. Mkulima akiambiwa kilovolti 33 anaweza kuisikia kilo kwanza. Hatuwezi kumnyang'anya neno lake, wala hakuna haja. Yatosha kwamba katika maandishi ya kitaalamu kiambishi kisiachwe kikisimama peke yake: tuandike kilogramu, kilovolti, kilohezi, kila moja kwa neno moja lisilokatwa.

Ya tano ni alama ya desimali. Wajerumani, Wafaransa na Wafini huandika 2,5 mahali ambapo sisi huandika 2.5, na sisi koma huitumia kutenga maelfu. Anayefasiri taarifa kutoka lugha hizo akiacha 1,250 mH kama ilivyo, amegeuza milihenri moja na robo kuwa milihenri elfu moja mia mbili na hamsini. Kosa ni la mara elfu tena, na safari hii jina la kizio halina hatia.

Ya sita ni bilioni. Katika Kiswahili bilioni ni milioni elfu. Vitabu vingi vya Uingereza vya kabla ya miaka ya 1970 viliitumia kwa maana ya milioni milioni. Kwa maelezo ya nanohenri katika vitabu hivyo, ni salama zaidi kuandika 10⁹ au 10¹² kuliko kuandika neno.

Mwisho, koili ndogo huandikwa tarakimu tatu tu, na hesabu yake ni kwa mikrohenri: mbili za mwanzo ni tarakimu zenyewe, ya tatu ni idadi ya sifuri. Hivyo 101 ni mikrohenri 100, na 471 ni mikrohenri 470. Herufi R husimama mahali pa nukta: 4R7 ni mikrohenri 4.7. Alama hizi zisifasiriwe. Zinakiliwe kama zilivyo, na maelezo yatolewe pembeni.

Mapendekezo

Kwa jumla twapendekeza yafuatayo. Henri na viambishi vyake viandikwe kwa namna moja katika maandishi yote: henri, milihenri, mikrohenri, nanohenri. Visibadilishwe kwa wingi, kwani Kiswahili hakihitaji. Tuseme henri moja na henri kumi. Mfasiri asigeuze kizio cha asili isipokuwa ameombwa. Na akigeuza, aache thamani ya kwanza ionekane kando ya thamani mpya. Kiambishi kisifasiriwe kwa maneno kama sehemu ya elfu, kwa maana sehemu moja ya elfu na sehemu elfu moja ziko karibu mno katika sikio la msomaji mwenye haraka. Vizio vya kale, kama sentimita ya induktansi, vielezwe mara ya kwanza vinapotokea.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, sehemu kubwa ya mijadala ya istilahi imekuwa juu ya asili ya maneno: tutohoe, tubuni, au tukope kwa Kibantu na Kiarabu. Mijadala hiyo ni halali. Lakini kwa majina ya vizio swali la asili si la kwanza. Kwadranti lilikuwa neno zuri, lenye Kilatini safi na picha ya dunia nzima ndani yake, nalo likaachwa kwa jina la mwalimu wa Albany lisiloeleza chochote. Henri ilishinda kwa sababu wote walikubali kuitumia kwa thamani moja. Debe la Newala litaendelea kujazwa na kupunguzwa kwa mapatano ya wanaolitazama. Henri haitazamwi na mtu, na kwa sababu hiyo kila anayeiandika kwa Kiswahili anakuwa ndiye mlinzi wa kipimo chake.